Habari za Rutare

Kashekyera,
9 Novemba

Kaka yangu mpendwa Nkwasibwe,

Nakusalimu kutoka huku kwetu kwenye ukungu, nikitumaini barua hii inakukuta una nafuu, wewe na wifi na watoto. Nyonga inaendeleaje? Wifi alimwambia mama kwamba sasa unaweza kusimama getini kwa mwenye shamba la chai toka asubuhi hadi mchana bila kutafuta kiti. Tulifurahi sana. Mama ni mzima, ila magoti yanamsumbua mvua ikizidi. Mwanangu Ainembabazi ameingia darasa la nne na anajiona mtu mzima. Viazi mwaka huu vimeoza ardhini, mtama angalau upo.

Najua utashangaa kwa nini nakuandikia wakati simu ninayo. Nimekupigia mara mbili, kaka, na mara zote mbili nikaishia kukuuliza habari za mvua. Kwa sauti siwezi. Basi kaa chini, usome polepole.

Rutare amekufa.

Alikufa tarehe kumi na nne Septemba, saa nne asubuhi, kwenye lile bonde la mianzi ambako, miaka ile, alikukimbiza ukaacha panga lako. Sikutaka ulisikie kwa mtu mwingine, na nimechelewa kiasi kwamba nashangaa hujalisikia.

Ilianza mwishoni mwa Agosti. Fideli Turinawe, uliyemfundisha mwenyewe kusoma nyayo na vinyesi, alirudi kutoka msituni akasema sokwe wa familia ya Rutare hawajasogea toka jana. Walilala, wakaamka, wakala majani ya pale pale walipolala. Kesho yake akasema amesikia wanakohoa. Tulipokwenda wote tukawakuta wameketi kwenye mvua kama watu waliofiwa, makamasi yanawatiririka. Yule jike mdogo, Kanyonza, alikuwa na mtoto wa miezi saba. Mtoto alikuwa akivuta pumzi kwa shida mpaka mbavu zinaonekana.

Mtoto ndiye aliyetangulia. Kanyonza alimbeba siku nane. Alimbeba mgongoni, akamhamishia kifuani, mwisho akawa anamburuta kwa mkono mmoja, na bado kila akikaa alimweka mapajani na kumchambua manyoya. Dokta Akankwasa, daktari wa wanyama, alituambia tusimwingilie. Tukakaa tunatazama. Siku ya tisa alimwacha chini ya mti na hakugeuka.

Rutare alikataa kulala chini. Wengine walipolala yeye aliketi wima, mgongo ule mweupe umeegemea jiwe. Dokta alimpiga sindano kwa bunduki mara mbili. Zamani angeng'oa nusu ya kichaka kwa hasira, wewe unamjua. Safari hii aliitazama tu ile sindano ilivyoning'inia pajani, akaiacha. Fideli aliniambia, "Joventa, huyu ameshaondoka. Tunayemwona hapa ni mwili tu." Nikamkaripia anyamaze.

Asubuhi aliyokufa familia yote ilimzunguka. Yule mwanawe mkubwa alikuwa akimsukuma begani, anasubiri, anamsukuma tena. Walikaa hapo mpaka kesho yake mchana. Tulipombeba kwenda kumzika tulikuwa watu kumi na wawili.

Bado hayajaisha. Familia bila yeye haikuwa familia tena. Wiki ya pili dume mgeni alishuka kutoka upande wa mpakani, akaua mtoto mwingine aliyekuwa ananyonya, akawachukua majike wawili. Waliobaki wametawanyika. Kanyonza simwoni. Miaka mitatu uliyotumia kuwazoesha watu, ukilala kwenye baridi na kutafuna majani mbele ya Rutare ili akuone huna ubaya, kaka, imekwisha ndani ya mwezi mmoja.

Majibu ya maabara yalipokuja, Dokta alisema ni mafua ya watu. Yametoka kwa mtu. Mkuu wa kituo akaitisha uchunguzi, wote tukapimwa. Fideli peke yake alikutwa nayo, maana alikuwa amepata mafua siku chache baada ya kupanda msituni na wageni, watalii wa kutazama sokwe, na alikuwa bado anapenga kamasi. Alisema yeye ameumwa baada ya ile siku, si kabla. Hawakumsikiliza. Mmoja wa wakubwa alimwambia, "Mzee mzima, umri wote huo msituni, hujui kukaa nyumbani ukiumwa?" Fideli akainamisha kichwa. Wakamvua sare palepale uani, mbele yetu, akaenda nyumbani na fulana ya ndani.

Mimi nilikuwa nimesimama mstari wa pili.

Sasa nakuambia, kaka. Mafua yalikuwa yangu.

Ainembabazi aliyatoa shuleni, nikayapata kwake. Asubuhi ile ya tarehe ishirini na tano Agosti niliamka mwili unawaka. Nilikuwa nimeshakosa kazi siku nne mwezi ule kwa ajili ya mtoto, na pale kituoni wanaume walikuwa wameshaanza maneno yao. "Mwongozaji mkuu wetu yuko wapi leo? Ananyonyesha?" Nilikuwa mwanamke wa kwanza kupewa cheo kile, nikasema sitawapa cha kuchekea. Nilimeza Panadol mbili ili kipimo cha joto kisinikamate, nikatafuna tangawizi njia nzima. Sikusukumwa na njaa, sikulazimishwa na mtu. Ilikuwa kiburi, basi.

Na kuna jambo linaloniumiza kuliko yote. Kabla hatujapanda niliwauliza wageni kama yupo anayejisikia vibaya. Mama mmoja Mjerumani, mtu wa miaka sabini hivi, aliinua mkono. Akasema koo linamwasha toka jana. Alikuwa ameisubiri siku hiyo tangu mumewe angali hai. Nilimwambia samahani mama, sheria ni sheria, hutapanda. Alilia, lakini alikubali. Aliniambia, "Umefanya sawa, binti. Wao kule juu ndio wenye haki." Kisha mimi nikapanda.

Kule juu mvua ilitunyeshea, barakoa yangu ikalowa hadi nikashindwa kupumua. Niliivua nikaitia mfukoni, nikasema ni dakika moja tu. Mtoto wa Kanyonza akashuka kutoka mgongoni kwa mama yake, akaja akicheza hadi kwenye viatu vyangu. Nilipaswa kurudi nyuma. Wageni walikuwa wanapiga picha, wamefurahi, nikabaki palepale. Nikakohoa. Nilikohoa mara mbili, kaka, na yeye ameinua uso kunitazama. Fideli alikuwa bega kwa bega nami.

Wakati wa uchunguzi nilikuwa nimeshapona na kipimo hakikuonyesha kitu. Nilijiambia nitasema kesho. Kesho ikawa wiki.

Mwezi uliopita nilikwenda kwa mkuu nikamweleza yote. Alifunga mlango. Hakunigombeza. Alisema, "Dada Joventa, faili limefungwa. Unataka magazeti yaandike kwamba waongozaji wetu ndio wanaoua? Nani atakuja tena? Hata waliobaki watakosa wa kuwalinda. Nenda kazini." Nikamwuliza na Fideli je? Akasema Fideli ni mzee, angestaafu tu mwakani.

Nikaenda kazini. Hilo pia ulijue. Nilitoka ofisini kwake nikavaa kofia, nikapokea wageni wanane.

Jumapili nilikwenda kwa Fideli. Nilimkuta anapalilia maharage. Nilipiga magoti hapohapo kwenye tuta, nikaanza kusema, akanikatiza. "Inuka, utachafua gauni," akasema. "Nilikusikia siku ile. Nina masikio. Nilipovuliwa sare nilikutazama, nikangoja. Wiki tatu nilikuwa nikikaa hapa mlangoni nikisikia pikipiki inapanda, najiambia, ni Joventa, amekuja kusema." Nikamwuliza kwa nini hakunitaja. Akasema alitaka nijitaje mwenyewe, na baada ya hapo akaona haya kwa niaba yangu. Nilimwomba aniambie nifanye nini, chochote. Alirudi kwenye jembe lake. "Mimi huna la kunifanyia. Kamwambie kaka yako. Yule alikuwa wake."

Ndiyo maana naandika. Sikuombi unisamehe, maana sijui ni kitu gani utakuwa unasamehe: Rutare, au watoto wale wawili, au Fideli. Mama hajui. Ukiona vema umwambie, umwambie.

Msalimie sana wifi, uwabusu watoto wote. Mama anasema dawa ya kuchua nyonga atakutumia kwa mtu atakayekuja huko.

Katika barua yako ya mwisho uliandika kwamba umenunua viatu vya mpira vipya, na kwamba Krismasi utapanda hata kwa magongo mawili, ili uone kama Rutare bado anakukumbuka. Nimekaa na barua hiyo tangu Septemba bila kukujibu. Viatu hivyo mpe mtu, kaka. Hapa hakuna wa kukukumbuka isipokuwa mimi.

Mdogo wako,
Joventa Katushabe