Nestory, Makofi Yako Hayajanyamaza Pito

Mwaka umezunguka, Nestory, na upepo wa Julai unapiga tena hapa Pito kama ulivyokuwa unapiga siku ulipotutoka. Mama yako amevuna, amepukuchua, amejaza magunia. Mahindi hayasubiri mtu amalize kulia.

Wakulima wa Laela bado wanakuulizia. Ulinunua mahindi yao bila kumpunja mtu kwenye mzani. Ulitafuna punje moja, ukasikiliza inavyopasuka, ukamwambia mwenye gunia, "Mama, haya yarudishe juani kidogo, nitakungoja." Na kweli ulimngoja, hata lori likiwa limeshajaa na dereva anapiga honi.

Kwenye ile ajali ya lori njiani kutoka Laela, ulitoka na viungo vyako vyote. Kilichokuja kukuumiza ni mpira wa mashine ya kupumulia, uliokaa kooni mwako ulipokuwa hujitambui. Ulikuokoa, kisha ukaacha kovu. Kovu likaibana njia ya hewa taratibu, mpaka ukawa unapumua kwa mluzi. Wengine walisema ni pumu. Wengine wakasema umerogwa. Mama yako aliwaambia walete dawa au wanyamaze, akapanda nawe basi la Dar es Salaam.

Huko daktari alipitisha kamera kooni, akamwonyesha mama yako picha: njia yako ya hewa ilikuwa imebaki upana wa mrija wa soda. Hawakukupasua. Walikulaza usingizi, wakaitanua, wakaweka ndani yake kibomba kidogo cha kuishikilia isijifunge tena. Wenyewe wanakiita stenti.

"Mama, nimewekewa kalavati," ulinong'ona ulipozinduka. "Sasa malori yanapita."

"Kalavati haliongei," alikujibu. "Lala."

Ulirudi nyumbani unapumua bila sauti. Rafiki yako Halfani, mwenye gari la mizigo pale mjini, hakuacha kukutania: "Mshikaji, siku hizi unapumua kama paka. Toa mlio kidogo basi, tujue upo." Ulicheka, na kicheko hakikukukata pumzi. Mama yako naye alikuwa ameuzoea ule mluzi. Ulipokoma, kila akipita mlangoni kwako alisimama, akatazama kama blanketi linapanda na kushuka.

Kuna watu wanasema ulikaidi masharti. Mama yako anataka hili lisomwe na kila mmoja wao: hukukaidi. Ulivuta mvuke wa maji ya chumvi asubuhi na jioni, ulikaa mbali na vumbi la ulezi, ulirudi Dar es Salaam kila ulipoitwa. Daktari alishasema tangu mwanzo kwamba hata anayefanya yote, kibomba kinaweza kuziba.

Siku ile ya mwisho babu yako Mathias alikuwa ameketi mlangoni kwake anaota jua. Ulitoka chumbani, ukavuka ua, ukachuchumaa mbele yake, ukapiga makofi. Ulikuwa unaita msaada; sauti haikutoka kooni, kwa sababu hewa haikuwepo. Lakini huku Ufipa, mtoto akichuchumaa mbele ya mzee na kupiga makofi, amesalimia. Babu akafanya alichofundishwa na wazazi wake, na alichokufundisha na wewe. Alipiga makofi, akaitikia, akakuuliza habari za Laela. Ukapiga tena. Akaitikia tena, akauliza habari za mizigo, habari za Halfani, akifurahi kwamba mjukuu wake hana haraka na salamu. Mama yako aliyasikia yote kutoka jikoni, makofi yako na ya mzee, yakipokezana vizuri.

Kisha ulilala ubavu pale pale vumbini.

Halfani aliitwa, akakupakia garini, akaendesha kama mtu aliyerukwa na akili. Hamkufika hospitali. Tuliambiwa baadaye kwamba ute ulikaukia ndani ya kibomba, ukakiziba.

Tangu hapo hakuna anayepiga makofi katika ua huu. Mgeni anachuchumaa, anasalimia kwa mdomo, mikono ameikunja. Hakuna aliyewakataza. Hata hivyo makofi yanasikika. Baba yako alipanda juu ya paa akapigilia bati upya, akidhani ni upepo. Dada yako Faith aliufunga mlango wa stoo kwa waya. Bado yanasikika, mawili mawili, taratibu, ya mtu mwenye adabu. Mama yako haamini mizimu. Anaweka mwiko chini, anatoka uani, anatazama, anarudi jikoni.

Babu yako ndiye anayetutia hofu. Mikono yake inashinda chini ya blanketi, hata jua likiwaka. Akisalimiwa, anatikisa kichwa tu. Chakula anakigusa, hakili.

"Baba," mama yako alimwambia, "angekuja kwangu, ningemwitikia hivyo hivyo."

"Lakini alikuja kwangu, Mama Nestory."

Tulikuzika wewe. Hatutaki kumzika na yeye angali hai.

Jumamosi hii kutakuwa na misa ya kukuombea hapa kigangoni, kisha padre atabariki msalaba kaburini kwako. Babu alikuwa amekataa kuja. Juzi alimwita mama yako.

"Nitakuja," alisema. "Nitachuchumaa pale nimpigie makofi. Safari hii mimi ndiye nitakayesalimia. Waambie watu, asiniitikie mtu kwa niaba yake."

"Kimya kitakuwa kirefu, Baba."

"Kiache kiwe kirefu."

Kwa hiyo watakaofika wajue. Mzee akishapiga makofi, mtu asiitikie, asianzishe wimbo, asimshike mkono kumwinua. Atainuka mwenyewe akiwa tayari. Asipoinuka mapema, tutasimama naye kwenye upepo.

Unakumbukwa na babu yako Mathias, baba yako Cleophas, mama yako Bertha, dada yako Faith, rafiki yako Halfani, na wakulima wa Laela uliowangoja.

Tutaendelea kukukumbuka siku zote, mwanetu, uitike au usiitike.