Kopo la Mama Koleta

Mlali, Jumatano, baada ya chakula

Kabichi bado ipo mezani, na sijui niitupe wapi kuku wasiifikie.

Mama Koleta alinipa jana baada ya kipindi cha kisomo cha watu wazima, ya kwanza kutoka bustani yake. Leo mke wangu alikuwa ameshashika kisu tuliposikia hodi. Mama huyo ameteremka mlimani kwa miguu, jasho linamtoka, hata shikamoo yangu hakuiitikia.

"Mwalimu, mmeshaila?"

Nikamwambia bado. Akakaa kizingitini, akatoa kopo la dawa ya wadudu kwenye khanga, akaweka kidole juu ya maandishi, akasoma neno moja moja: "Usivune kabla ya siku kumi na nne." Alipiga dawa Jumamosi.

Zamani dawa ililetwa na bwana shamba wa ushirika, na maelezo aliyatoa mwenyewe kwa mdomo. Siku hizi kila duka linauza, na mwenye duka hajui zaidi ya bei. Wangapi darasani kwangu wanavuna bila kujua? Hilo linanitia hofu.

Watoto wamekula ugali kwa dagaa, wazima wote. Mungu ashukuriwe.

Ila wiki iliyopita Mama Koleta alikuja na kopo hilohilo darasani, akaomba tulisome. Nikamwambia aliweke chini ya dawati, tuendelee na kitabu, somo la pamba. Mlali nzima hakuna anayelima pamba.

Amelisoma nyumbani, peke yake. Na alipolimaliza, akanikumbuka mimi.