Komeo Ndani ya Soksi

Galeton, Pennsylvania
9 Novemba

Mwanangu Trudy,

Natumaini barua hii imekukuta mzima huko Pittsburgh. Mimi mzima, isipokuwa goti, nalo silisikilizi. Mbwa anakusalimu kwa mkia.

Naandika kwa kuwa kwenye simu sisikii kitu. Jumamosi tulikuwa kwenye kifungua kinywa cha kituo cha zimamoto, Merle akanitandikia gazeti juu ya chapati zangu za maji. Kwenye ukurasa wa mbele umo wewe, nje ya bunge la jimbo, umebeba bango kubwa kuliko wewe: BUNDUKI ZIDHIBITIWE. Merle akapaza sauti, "Lowell, huyu si yule binti uliyemfundisha kulenga?" Watu walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Nikawajibu kwamba angalau bango umelishika bila kutetemeka.

Ila mwanangu, bunduki haijapata kutoka kabatini kwa miguu yake. Mtu ndiye huitoa. Mtafuteni huyo mtu, mjue kinachomkereketa.

Msimu wa kulungu unafunguliwa Jumamosi baada ya Sikukuu ya Shukrani. Kitanda chako kipo. Jana nilichomoa komeo la bunduki ya babu yako nilipake mafuta, nikajikuta namwita mama yako aje alichukue. Si unakumbuka, kila msimu ukiisha alilificha kwenye kikapu chake cha kushonea, na bunduki bila komeo la kufungia risasi ni fimbo tu. Huu mwaka wa pili tangu atutoke na bado namwita. Uzee huo, usinicheke.

Ni mimi baba yako.


Pittsburgh
17 Novemba

Baba yangu,

Salamu zako nimezipokea, na za mbwa pia. Mimi sijambo. Goti ulipeleke kwa daktari, acha ubishi.

Msalimie Merle, mwambie nimecheka. Lakini sikubeba bango kwa mchezo. Unajua desturi yetu hapa: ukiparua theluji mbele ya nyumba yako, unaweka kiti barabarani, na nafasi hiyo ni yako mpaka urudi na gari. Hakuna sheria iliyoandikwa, ila kiti cha mtu hakiguswi. Machi iliyopita, mtaani kwangu, kijana mmoja alikisogeza kiti cha Bwana Tibbs akaegesha gari lake. Wakatukanana. Kijana alikuwa na bastola ndani ya koti. Bwana Tibbs alikuwa baba wa Denise, mwanafunzi wangu anayekaa dawati la mbele. Tangu siku hiyo mtaa mzima hakuna anayeweka kiti.

Mwaka huu sitakuja kuwinda, baba. Nikishika bunduki nitamwona Denise. Usikasirike.

Mwanao akupendaye,
Trudy


Galeton
6 Desemba

Mwanangu,

Sikasiriki. Habari za hapa ni theluji, na juu yake theluji nyingine. Nilikwenda porini na Merle. Yeye alipata kulungu, mimi nilipata mafua.

Habari ya Bwana Tibbs imeniuma, mpe mtoto pole yangu. Lakini sasa mtapiga marufuku na viti? Huyo kijana ana hasira za siku nyingi, na wazee walisema hasira hasara. Nani alimlea? Ana kazi? Hapa kiwanda cha mbao kilipofungwa, wanaume walianza kulewa asubuhi, na hakuna aliyebeba bango kwa ajili yao. Ukikata tawi mzizi unachipua tena. Mnashughulika na chuma kwa sababu chuma hakijibu.

Nyumba imekuwa kubwa. Chumba cha juu nimekifunga, nakaa jikoni.

Ni mimi baba yako mbishi.


Pittsburgh
14 Desemba

Baba mbishi,

Pole na mafua. Kunywa supu, si kahawa tu.

Kuhusu mzizi sina ubishi. Yule kijana hana kazi wala baba, naijua nyumba yao. Lakini viti tumekuwa navyo tangu enzi za bibi zetu, na watu wamegombana juu yake kila majira ya baridi. Wakati huo mtu alirudi nyumbani na pua iliyovunjika. Hasira hasara, ndiyo, lakini hasara ya ngumi hupona. Mzizi unahitaji miaka kuung'oa, baba, na baba yake Denise hakuwa na miaka hiyo. Kwa nini tusishike vyote viwili?

Njoo Krismasi. Nitaoka mkate wa tangawizi wa mama, na ukitaka tutabishana mpaka uungue.

Mwanao,
Trudy


Galeton
20 Januari

Mwanangu Trudy,

Uzima upo. Samahani sikuja Krismasi, wala sikuandika.

Merle ametutoka. Alijipiga risasi bandani kwake, kwa bunduki ile ile aliyoulia kulungu. Mkewe alimwacha msimu wa kiangazi, na mimi nilijua, na kila Jumamosi tulizungumza habari za hali ya hewa. Msimu mzima nimekuandikia habari za mzizi, na mzizi wenyewe ulikuwa umekaa karibu yangu unakula chapati.

Mbwa nimempa binti wa jirani, ana uwanja mzuri. Sufuria za mama yako nimezifunga kwenye boksi, zina jina lako. Nimekuwa nikipangapanga vitu.

Usijisumbue na safari, barabara ni mbaya.

Baba yako.


Pittsburgh
24 Januari

Baba,

Leo sina salamu ndefu. Pole kwa Merle. Nilimpenda.

Nakuuliza kama binti kwa baba yake, nawe unijibu hivyo hivyo: unafikiria kufanya alichofanya Merle? Mtu hagawi mbwa wake kwa sababu ya uwanja. Naogopa, baba, siwezi kuficha. Simu hupokei, kwa hiyo nimempigia Mchungaji Lohr, anakuja kulala kwako mpaka nifike. Karatasi hii naitia posta ili maneno yangu uwe nayo mkononi. Mimi napanda basi leo jioni, barabara mbaya au nzuri.

Trudy wako


Galeton
5 Februari

Mwanangu mpendwa,

Natumaini ulifika salama. Supu uliyoniachia imekwisha, Mchungaji ndiye aliyeimaliza, na mtu huyo anakoroma kuliko trekta. Mbwa amerudi. Binti wa jirani alilia, nikamwahidi mtoto wa mbwa.

Siku zote ulizokaa hapa nilitaka kukujibu swali lako, mdomo ukagoma. Kwa daktari uliponipeleka niliongea, kwako nikashindwa. Basi jibu ni ndiyo. Nilikuwa nalifikiria.

Ndani ya kifurushi hiki kuna soksi yangu ya sufu. Ifungue taratibu, kuna mafuta. Ni komeo. Bunduki yangu nyingine, ile ya kuwindia ndege, ameichukua Mchungaji. Kikapu cha kushonea cha mama yako unacho wewe, kwa hiyo unajua pa kuliweka. Nikilidai, uniulize kwanza nimeamkaje.

Usidhani umeshinda. Bango lako sibebi. Bado nasema mzizi ni upweke.

Ni mimi baba yako.


Pittsburgh
11 Februari

Baba yangu mpenzi,

Soksi imefika. Nimelia, kisha nimeifua. Komeo liko kikapuni, chini ya nyuzi za bluu, mahali pake.

Sijashinda, na upweke ni mzizi kweli. Ndiyo maana leo, baada ya shule, nimeparua theluji mbele ya mlango mpaka lami ikaonekana, kisha nikatoa kiti cha jikoni nikakiweka barabarani. Ni cha kwanza mtaani tangu Bwana Tibbs. Mama yake Denise alitoka barazani akasimama akikitazama muda mrefu, nami nikadhani nimemkosea. Akaniuliza, "We Trudy, huna hata gari. Kiti cha nani?"

Nikamwambia cha baba yangu, ana lori kuukuu, anakuja.

Akaingia ndani, akarudi na koleo, akanisaidia kuipanua nafasi, lori litoshee. Njoo, baba. Kiti chako hakuna atakayekigusa.

Mwanao,
Trudy