Sahani ya Hawa

Ijumaa, 3 Julai 1959
Mama mkwe amekuja baada ya sala, kama kila Ijumaa. Ametoka Minjila kwa miguu, ameshika kamba ya punda wa jirani yake. Ameketi kibarazani na kunipa mgongo, maana wakwe hawatazamani. Haoni kitu miaka kumi sasa, lakini heshima ni heshima.

Amefungua pindo la leso. Miiba saba ya mgunga, ameichagua mwenyewe kwa vidole. Sindano za chuma za gramafoni hazipatikani Garsen tangu Ramadhani. Kampuni ya sahani za nyimbo imeacha kuzileta, haikusema kwa nini. Mwiba mmoja, wimbo mmoja, halafu butu.

Nimeitia gramafoni ufunguo. Hawa ameimba wimbo wake wa kupepeta mpunga, mara mbili. Mwaka wa pili huu tangu uzazi unichukulie mke, na bado anavuta pumzi kabla ya ubeti wa mwisho. Mama yake huisubiri pumzi ile. Mimi pia.

Sahani yenye sauti yake imeanza kukwaruza. Inanitia hofu. Nyingine niliyonayo ni ya bwana mmoja wa Lamu, hatuipigi.

Jumatatu, 13 Julai
Yusufu, dereva wa lori la barua, ameleta tangazo kutoka duka la kampuni, Mombasa. Nimelisoma cherehani imesimama na kanzu ya watu mapajani. Sahani kubwa basi, hazitengenezwi tena. Sasa ni ndogo, nyepesi, hazivunjiki. Mwenye sahani ya zamani airudishe, apewe mpya.

Ndio hao hao waliokuja Malindi na mashine yao ya kunasa sauti, wakawaimbisha wanawake kutwa nzima. Hawa alirudi hana sauti. Baada ya miezi ndipo sahani moja ikaja.

Leo, kwa mara ya kwanza, kampuni imenifurahisha.

Jumanne, 14 Julai
Nimeifunga sahani kwa pamba na vipande vya kitambaa cha marekani. Yusufu ameipokea kwa mikono miwili. Kaniuliza, "Fundi, una hakika?" Nimemcheka. Jembe likiisha unampelekea mhunzi, analitia motoni, analigonga, unarudi na chuma chako kile kile. Hilo hata mtoto anajua.

Ijumaa, 17 Julai
Nimemwambia Mama kwamba Hawa yuko kwa mhunzi. Amecheka. Sijamsikia akicheka tangu mazishi. Miiba ameiacha.

Ijumaa, 24 Julai
Hakuna lori. Mama ameketi kidogo, ameondoka.

Alhamisi, 30 Julai
Kifurushi kimefika. Nimekikata kwa mkasi wa kazi.

Sahani ndogo, nyeusi, tundu kubwa katikati. Maandishi yanasema dansi. Nimegeuza. Dansi tena. Nikasema wamekosea, wamenipa ya mtu mwingine. Nikaiweka hivyo hivyo. Haikai, inachezacheza, na gramafoni yangu inaikimbiza mno. Kichwa chake kizito kimeichimba kwa mwiba. Ndani ya kifurushi mna karatasi: sahani hizi zataka mashine mpya, ya betri. Mashine inauzwa na kampuni hiyo hiyo.

Hawa hayumo. Hayumo upande wowote.

Ijumaa, 31 Julai
Nimemdanganya mama mkwe. Nimesema lori limekwama. Mtu mzima mimi.

Jumanne, 4 Agosti
Yusufu ameniulizia kule duka la kampuni. Sahani zinazorudishwa husagwa. Ya Hawa imekwisha kuwa unga. Akaulizia ile ya asili, waliyotumia kuchapa nyingine. Wakamjibu nyimbo za huku kwetu mtoni hazikuuzika, walizitupa zamani.

Hazikuuzika! Walizileta wapi wakaziuza? Hapa Garsen hazikufika hata siku moja. Kuna mtu kakaa kwenye kiti Mombasa, au Ulaya huko, kapiga mstari juu ya jina la mke wangu asilolijua. Nawachukia. Nachukia na udogo wa ile sahani yao.

Lakini hawakuniibia. Niliwafungia kwa pamba mimi mwenyewe. Hilo ndilo halinipi usingizi.

Ijumaa, 7 Agosti
Amekuja. Nimemweleza yote, mhunzi na unga. Nimeuambia mgongo wake. Hakulia. Amegeuza sikio upande wa gramafoni.

Kisha akasema, "Weka ya mtu mwingine basi."

Nimeweka ya yule bwana wa Lamu. Ameisikiliza yote, mpaka mwiba ulipobaki unakwaruza mwisho wa sahani.

"Na huyu," akauliza, "mama yake yu hai?"

Nimesema sijui, Mama.

Ameshika kamba ya punda, wameondoka. Kwenye mkeka ameniachia miiba saba. Nimeitia koponi, ingoje Ijumaa.