Usiipige Mashine

3 Machi

Kwa mwanangu uliyenifungia simu,

Hujambo huko uliko? Huku tunapumua, presha yangu inapanda na kushuka inavyotaka yenyewe. Namba yangu umeizuia, haya, ndiyo maana nakuandikia barua pepe kama mtu anayeomba kazi. Naandika kwa kidole kimoja, ukiona makosa nyamaza.

Ile kompyuta yako imekufa. Siyo yako, ni yangu, kwa sababu uliiacha kwenye studio yangu ulipoondoka bila kuaga. Nikiiwasha inaleta lile tufaha lililong'atwa na mstari chini yake, mstari unafika nusu, halafu kimya. Nimeizima nimeiwasha, nimeipiga kofi la ubavu, mwishowe nikaipiga teke, feni ikakohoa ikanyamaza. Na humo ndani ndimo zilimo nyimbo zote za bendi ya Jemedari, sauti, magitaa, kila kitu. Huyo mtu anazitaka mwisho wa mwezi, na unamjua hana dogo.

Mkosaji ni mdogo wako. Skrini ilimwuliza kama asasishe mfumo wake, macOS, naye na kiherehere chake akabonyeza ndiyo. Hakuniuliza. Nimemtia adabu. Sasa eti mkono unamuuma, hawezi kushika kikombe. Binti wa miaka kumi na sita analia kama kachomwa mkuki! Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Wewe ndiye uliyeiunga, kwa hiyo wewe ndiye wa kuniambia dawa.

Ni mimi baba yako.


4 Machi

Shikamoo Baba,

Mimi mzima. Mkono upi? Umevimba? Anaweza kugeuza kiganja kitazame juu? Nijibu hayo kabla ya mengine yote.

Kuhusu mashine. Ile si Mac ya dukani, wewe ulikuwa ukiwaambia wateja hivyo, mimi nikinyamaza. Ni kasha la kawaida nililolijaza kipande kwa kipande, na ndani kuna programu ndogo ya kuwashia inayoidanganya macOS kwamba iko kwenye mwili wake halisi. Ukisasisha mfumo bila kusasisha programu hiyo, uongo haushiki tena, na mashine inagoma pale pale unaposema. Kwa hiyo kosa ni langu. Niliondoka bila kuzima hayo maswali ya kusasisha. Mtu yeyote angebonyeza, hata wewe ungebonyeza.

Nyimbo ziko hai kwenye diski. Lakini ukiipiga tena mashine hiyo, siahidi kitu. Fanya hivi. Chomoa waya wa umeme. Fungua ubavu wa kasha kwa bisibisi ya nyota. Utaona vibao vinne vyembamba vimesimama karibu na feni kubwa, hivyo ndivyo vibao vya kumbukumbu. Vitoe vyote, rudisha kimoja, washa, iache tangu asubuhi mpaka jioni, uone inakwama wapi. Kesho yake weka kingine. Kila unapotaka kugusa ndani, shika kwanza chuma cha kasha ili umeme wa mwilini mwako ushuke, na mikono iwe imetulia. Mkono wenye hasira unatetemeka, utavunja meno ya kibao. Ukisikia hasira inapanda, jifungie studio ukae nayo humo humo.

Mdogo wangu asikanyage hapo. Na apelekwe hospitali.

Mwanao.


9 Machi

Mwanangu,

Marahaba, ingawa shikamoo yako ilikuwa ya baridi. Mkono ni wa kushoto. Umevimba kidogo. Habari ya kugeuza kiganja sikumwambia, mimi siyo daktari.

Nimefanya ulivyosema. Kibao cha kwanza, tufaha, nusu mstari, kimya. Cha pili, vilevile. Cha tatu nilikiweka kinyume kikagoma kuingia, nikaanza kukisukuma, nikakumbuka maneno yako, nikatoka nje kuhema kama mjamzito. Kurudi, skrubu ikadondokea ndani. Nikaitafuta na tochi mdomoni, chuma cha feni kikanikata kidole, damu ikachuruzika mpaka kwenye nyaya. Hapo nikairusha bisibisi. Imepasua kioo cha chumba cha kurekodia. Dhambi ya hicho kioo ni yako.

Jemedari alikuja juzi na mpiga besi wake. Alinikaba koo mbele ya wateja! Nikampiga kichwa cha pua, ikalia ka! Wameshuka ngazi wanadondosha damu kila kidato, wanasema watarudi na petroli. Na waje.

Siku zote hizo nilikuwa nimejifungia na mashine yako, nyumbani kimya, mdogo wako anapika kwa mkono mmoja, hatugombani. Mpaka jana. Natoka studio na njaa yangu, naye ananiambia, mbele ya yule jirani mwenye cherehani, kwamba anakwenda hospitali mwenyewe. Mwenyewe! Kwani hana baba? Waya wa spika ulikuwa mkononi mwangu. Nilimgusa mara chache tu. Jirani akaja kupiga kelele mlangoni, nikamfungia nje na kelele zake.

Haya, kibao cha nne nacho nikifanyeje?

Baba yako.


10 Machi

Baba,

Shikamoo sikupi leo.

Jirani mwenye cherehani ana namba yangu, na simu yake ina kamera. Nimeuona mgongo wa mdogo wangu. Hizo "mara chache" nilianza kuzihesabu nikiwa kazini, nikaishia njiani, nikatapika kwenye ndoo ya takataka mbele ya msimamizi wangu. Ni waya ule ule uliokuwa ukinichapia mimi, au umenunua mwingine?

Sasa nisikilize. Dawa ya mashine ninayo, ni ya uhakika, na hakuna mwingine wa kuitengeneza kwa sababu kila kipande cha humo nilikichagua mimi. Hutaipata mpaka mdogo wangu awe nyumbani kwa shangazi. Shangazi amekubali, atampeleka akapigwe picha ya mkono. Nikisikia sauti ya mdogo wangu kwenye simu ya shangazi, natuma dawa. Ukimgusa tena kabla hajapanda basi, nyimbo za Jemedari zimekwenda na maji, na utamweleza wewe mwenyewe akija na petroli yake.

Sikuombi, Baba. Nakuambia.

Mwanao.


16 Machi

Wewe mtoto,

Sikukujibu kwa sababu ningekujibu matusi matupu. Unanipangia bei ya mwanangu? Mimi niliyekufuta makamasi kwa shati langu? Samaki mkunje angali mbichi. Wewe nilikukunja kidogo mno.

Nilimwita fundi mwingine, wa duka la simu. Akaikodolea macho, akajikuna, akasema njia ni moja, afute kila kitu aweke Windows. Afute! Nikamshusha ngazi kwa teke, begi lake likamfuata. Nikarudi nikachukua nyundo. Nikaiinua juu ya lile kasha, nikaishikilia hapo mpaka bega likachoka. Kugeuka, mdogo wako kasimama mlangoni. Nikamwuliza, unatazama nini? Akasema, "Nasubiri." Unasubiri nini? "Nasubiri nijue utapiga nini, hiyo au mimi." Hivyo hivyo, macho makavu. Nani kamfundisha kuongea vile na mimi?

Leo asubuhi nimempeleka stendi. Begi nimembebea mwenyewe. Alikaa dirishani akatazama mgongo wa kiti cha mbele mpaka basi likaondoka, hakunigeukia hata kwa bahati mbaya. Sijamgusa. Mwulize.

Sasa leta dawa, mshenzi we.

Baba yako.


17 Machi

Baba,

Amefika. Nimeisikia sauti yake, kwa hiyo natimiza.

Nimekuambatishia folda moja. Inakili kwenye flashi tupu, kompyuta yoyote itafaa. Chomeka flashi nyuma ya mashine, washa huku ukibonyeza kitufe cha F12, chagua flashi. Mstari utafika mwisho. Ni kazi ya dakika moja.

Vile vibao vya kumbukumbu havikuwa na ubovu wowote. Ugonjwa niliujua tangu barua yako ya kwanza, na folda hiyo niliitengeneza jioni ile ile. Nilikutafutia kazi ya mikono. Nilitaka mikono yako yote miwili ikae ndani ya kasha, shangazi apate muda wa kutafuta kitanda. Nilidhani vibao vitatosha. Havikutosha, na hilo nitakufa nalo.

Picha ya mkono imetoka. Mfupa umevunjika mahali pawili. Mvunjiko mmoja ni mpya. Daktari akamwuliza shangazi, huu mvunjiko mwingine, uliojiunga wenyewe vibaya, ni wa lini? Shangazi hakujua. Mdogo wangu alijua. Wewe je, unaukumbuka?

Harudi huko. Usimfuate. Na mimi usiniandikie tena.

Kaka wa huyo mtoto.


26 Machi

Mwanangu,

Najua hutasoma, lakini naandika. Natumia jicho moja, la pili limeziba.

Dawa ilikubali. Tufaha, mstari mpaka mwisho, nyimbo zote zipo. Jemedari amechukua zake, tumepeana mikono, pua imempinda vibaya. Alipoondoka nikabaki kwenye kiti nikasema, loo, kumbe dakika moja! Mtoto niliyemzaa mwenyewe kanifungulisha skrubu siku nzima nzima kama punguani. Hasira iliyonipanda hapo sijapata kuiona. Nikapanda basi la kwanza. Sikudanganyi, nyundo ilikuwa kwenye begi. Ukiniuliza niliichukua ya kazi gani, sijui.

Lakini safari ni ndefu, na hasira nayo inachoka. Basi liliharibika katikati ya njia, tukaanikwa juani na watoto wa watu wakilia. Mpaka nafika nilikuwa na njaa na kiu tu. Nilitaka nimwone, nirudi zangu. Nakuapia. Nimesimama ng'ambo ya barabara, naye yuko nje ya geti la shangazi anaanika nguo, mkono wa plasta kaufunga shingoni. Kanenepa kidogo. Akaniona. Nikainua mkono nimpungie.

Kaanguka chini, mwanangu. Pale pale kwenye vumbi, kajikunja, kafunika kichwa kwa ile plasta, na sauti iliyomtoka mimi sikuijua. Na mimi niko ng'ambo ya barabara! Sijamfikia, sijasema neno! Watu wakatoka madukani, fundi baiskeli, wauza mkaa, wanawake na ndoo zao, wanauliza nani, nani. Shangazi yako, dada yangu wa tumbo moja, akaninyooshea kidole. Hawakuuliza la pili. Walinipiga kwa mnyororo wa baiskeli, kwa mbao, kwa viatu vyao. Begi likachanika nyundo ikadondoka, na hapo ndipo walipoanza kunipiga kwelikweli. Mbavu zimevunjika, meno ya mbele sina. Nilimwona katikati ya miguu ya watu. Alikuwa ameshasimama. Nikamwita kwa jina lake. Kuwaambia waache lilikuwa neno moja tu, "jamani", wangemsikia. Alinitazama mpaka polisi walipofika, na neno hilo hakulisema.

Hapa wodini wananiuliza nilifanya nini. Nasema nilipunga mkono, wanacheka. Hakuna anayeamini. Wewe atakusikia, mwanangu. Mwambie nilikuwa napunga tu.

Baba yako.