Nani Atapika Krismasi ya Wanawake

Cork, 19 Oktoba 1987

Ndugu yangu Fachtna,

Tarehe sita Januari mwaka huu tulipoteza Krismasi ya Wanawake, na aliyeipoteza ni wewe. Naanza na hilo ili usije ukasema hukuelewa barua inahusu nini.

Sasa salamu. Mimi mzima, duka linakwenda, goti la kushoto tu ndilo linalosumbua penye mvua, na unajua mvua ya Cork haina likizo. Wewe je, kifua kimepona? Ng'ombe wanaendeleaje?

Nimenyamaza miezi tisa nikidhani utaandika wewe. Hukuandika. Tulifika nyumbani kwa Mama wanawake saba, tumevaa tukapendeza, Shangazi Hanora na kofia yake ya kanisani, binamu yetu Dympna amemwachia mumewe watoto na vyombo, kama siku hiyo inavyotaka: wanawake wakae, wanaume wapike. Mimi nimebeba ratili sita za nyama ya viungo, niliyoilaza kwenye chumvi wiki tatu na kuigeuza kila asubuhi kabla ya kufungua buchari, kisha nikaipika. Moshi unatoka dohani, mlango umefungwa. Ukatokea upande wa zizi, ukasema, "Mwaka huu hakuna," ukarudi kwa ng'ombe wako. Nyama tukaila ndani ya gari la Dympna, kwa mikono, vioo vimejaa mvuke. Shangazi Hanora alisema hajawahi kula vizuri vile huku amekasirika vile.

Nyumba Mama alikuachia wewe, na sina neno. Mimi nilitoka hapo na miaka kumi na saba na sanduku la kuazima, na nilicho nacho nimekipata kwa kisu changu. Lakini siku ile hakukuachia peke yako. Januari ijayo utafungua mlango?

Dada yako,
Gobnait


Rathbarna, 3 Novemba 1987

Dada Gobnait,

Barua imefika, imenichoma, nimeisoma mara mbili nikiwa nimesimama. Kifua kimepona, asante kwa kuuliza. Ng'ombe wazima, mmoja amezaa pacha. Goti lako lipake mafuta na uache kubishana nalo.

Mama alizikwa Novemba mwaka jana. Ilipofika Januari hata miezi miwili ilikuwa haijatimia. Nyumba yenye msiba haitundiki matawi ya Krismasi, haichemshi pudini wala haiiti wageni mpaka mwaka upite. Philomena wa ng'ambo ya mto aliniletea keki mlangoni na hakuvuka kizingiti. Nilidhani na wewe unajua, au mjini mmesahau. Nilipowaona na makofia na minyama yenu nilipandwa na hasira, nikasema nilichosema.

Lakini umeuliza waziwazi, nami nikujibu waziwazi. Unamkumbuka Baba na aproni, akileta sahani, nyote mkimpigia makofi? Baba hakuchemsha hata yai. Tarehe tano Mama alikuwa ameshamaliza yote. Nyama imeiva na kukandamizwa, mkate wa magadi umefungwa kitambaani, keki imekatwa, hata karafuu za wiski ya moto ameshazichomeka kwenye vipande vya limau. Sisi wanaume tulifunua sufuria tu. Halafu yeye anakaa nanyi mezani na kuuliza kwa sauti, "Haya wapishi, mmetuandalia nini?" kama mtu asiyejua.

Aliyekuwa akipika hayupo. Nikifungua mlango, nitafunua sufuria gani?

Mdogo wako,
Fachtna


Cork, 7 Novemba 1987

Fachtna ndugu yangu,

Goti afadhali. Hongera ya ndama pacha.

Habari ya msiba nimemuuliza Shangazi Hanora. Anasema msiba unazuia matawi na muziki, hauzuii mwanamke kupumzika, na kwamba yeye amezika waume wawili na hakukosa Krismasi ya Wanawake hata mara moja. Ungetamka neno "msiba" pale mlangoni, tungeingia, tukalia, tukala, tukaenda zetu. Kilichokosea ni mdomo wako, siyo desturi.

La Baba sikulijua. Nimelicheka hapa dukani mpaka mteja akaniuliza kama naumwa. Kisha nikaacha kucheka. Ina maana miaka yote ile Mama hakupumzika hata siku yake mwenyewe.

Basi dawa ni moja: safari hii mwanamume atapika kweli. Nakutumia kwa basi kipande cha kujaribia, ratili mbili za paja, na kopo la viungo nilivyokwisha kuchanganya: chumvi, shura ya kutunza wekundu wa nyama, sukari nyekundu, pilipili manga, karafuu, basibasi. Sugua kila upande kwa nguvu, weka kwenye bakuli mahali penye baridi, geuza kila siku kwa siku kumi. Kisha chemsha kwa maji na chupa moja ya bia nyeusi. Chupa ya pili ni ya mpishi, baada ya kazi, siyo kabla.

Nitakie mauzo mema, Desemba inakuja.

Dada yako,
Gobnait


Cork, 1 Desemba 1987

Fachtna,

Hujambo? Hujajibu. Kifua kimerudi? Nyama ilifika? Shangazi Hanora anasema kuna Mholanzi mwenye ndevu ameonekana akipima chumba cha jiko cha Mama kwa utepe. Ni nani huyo, na anapima nini?

Dada yako


Rathbarna, 5 Desemba 1987

Dada Gobnait,

Salamu kwako na kwa goti. Mimi kifua kizima, kilichonishika ni aibu.

Nyama ilifika. Nilisugua, nikageuza kila siku, nikaichemsha tangu kengele ya adhuhuri mpaka giza, kwa moto wa kutosha kuchemsha shati. Ikatoka soli ya buti. Nilimpa mbwa, aliipokea kwa adabu, akaenda kuizika.

Mholanzi ni mfinyanzi. Anataka kupanga nyumba nzima miaka kumi, kuanzia Januari mosi, na jiko aligeuze karakana yake. Mimi nitahamia kile kijumba cha vyumba viwili karibu na barabara. Meza ya Mama inakaa watu kumi na wawili, nami nakula nimesimama kando ya jiko kama mtu anayesubiri basi. Sijatia sahihi. Anakuja kuchukua jibu Jumatatu tarehe kumi na nne, mchana.

Usinikasirikie, dada. Nilijaribu. Nimeona sifai.

Mdogo wako,
Fachtna


Cork, 8 Desemba 1987

Ndugu yangu Fachtna,

Nashukuru kifua ni kizima, maana nitakachosema kinahitaji pumzi.

Nyama kwanza. Uliichemsha kwa mbio. Maji hayatakiwi kuruka, yatetemeke tu. Ikiiva, iache ipoe mle mle ndani ya maji yake, kisha uikandamize kwa sahani na jiwe zito mpaka kesho yake. Kosa lako ni la moto, mkono hauna kosa. Philomena anasema harufu ilivuka mto na mumewe akauliza nani anapika kwa Fachtna. Hakuna anayeuliza hivyo juu ya mtu asiyefaa.

Mholanzi sasa. Nyumba ni yako, ukitaka pangisha. Ila mwambie aingie tarehe saba badala ya mosi. Siku sita hazitamuua mfinyanzi. Na kama hutaki kupangisha, ila umechoka kula umesimama, basi usitie sahihi kwa ajili ya upweke. Upweke utakufuata mpaka kwenye kijumba, na huko hauna hata nafasi ya kukaa.

Langu ni hili. Tangu nifungue buchari nimekatia nusu ya mji huu nyama ya sikukuu. Mimi sijakatiwa. Aliyekuwa akiniambia "kaa, mwanangu" alikuwa Mama, na wewe umenijulisha kwamba yeye mwenyewe alikuwa hajakaa. Kwa hiyo Januari hii sileti chakula kilichopikwa, na kisu changu kinabaki dukani. Wenzangu nimeshawaambia, wote wamekubali, Dympna anasema hata ikiwa soli ataitafuna.

Ratili sita zimepimwa na kufungwa kamba, ziko mbele yangu. Wiki tatu kwenye chumvi, tarehe tano unachemsha, tarehe sita unakata. Hesabu hiyo haina siku ya kupoteza: nyama lazima ipande basi la saa nane Jumatatu, tarehe ile ile ya Mholanzi wako.

Nenda posta, piga simu dukani kabla ya saa sita mchana siku hiyo. Nitaipokea mwenyewe. Usinipe habari za ng'ombe wala za mvua, wala usiniambie utafikiria. Nijibu moja tu: unanipikia, au hunipikii?

Dada yako,
Gobnait