Mama Alikuwa Akimsalimia Nani?

Jumanne. Mvua imetunyeshea hapa mtaani Makindye tangu asubuhi, nami nimechoka hata viatu sijavua.

Mama hushinda nyumbani peke yake. Nilimleta kutoka Bungoma alipovunjika nyonga, na duka la vipuri ninakofanya kazi liko Nsambya. Ndiyo maana nikaweka kamera sebuleni, ile inayogeuka huku na huku. Fundi aliyeifunga alifungua njia kwenye ruta, kile kisanduku cha intaneti, ili niione kwa simu nikiwa kazini. Nilidhani pia amebadilisha neno la siri ambalo kamera ilitoka nalo kiwandani.

Mama aliizoea upesi. Ikigeuka anajua namtazama, basi huipungia mkono na kuuliza habari za kazi. Nami humjibu kupitia spika yake.

Leo nimemkuta amenuna.

"Kwani leo ulikuwa na kazi mingi? Umeniangalia mchana wote, nasalimia, hunijibu."

Umeme ulikatika dukani mapema. Simu yangu ilikuwa imezimika mchana kutwa.

Aliyemtazama si mimi.

Nimeketi mbele ya ruta na kufungua mipangilio. Neno la siri la kamera ni lile lile la kiwandani, na njia aliyofungua fundi i wazi kwa dunia nzima. Sebuleni ndipo mama anapokanda mguu wake kwa mafuta, amejifunga leso tu. Nina hasira, na sina wa kumgombeza. Fundi hapokei simu.

Nimeifunga ile njia. Nimebadilisha maneno ya siri, la ruta na la kamera, kisha nikaweka VPN: sasa simu yangu lazima ipite kwanza kwenye njia iliyofungwa kwa ufunguo wangu, ndipo ifikie kitu chochote humu ndani. Mtu wa nje akitafuta kamera, haioni.

Nikatoka barazani kujaribu, nimezima waifai, natumia bando la simu. Kamera ikageuka. Kwenye simu nikamwona mama akiinua mkono, kununa kumemtoka.

"Habari ya kazi, mwanangu?"

"Nzuri, mama. Ni mimi."

Akacheka. "Sasa angekuwa nani?"

Nimebaki pale barazani, simu mkononi, mvua ikinirushia matone miguuni. Kesho kabla sijatoka nitaketi karibu naye nimwambie kwamba aliyemtazama leo hakuwa mwanawe, hata kama nitachelewa kazini.